Miguu ya Nyuma ya Gari la Mzee Abeid

Nyie mnaoingia kwenye ufundi sasa hivi, hebu wekeni simu chini kidogo mnisikilize. Siwagombezi. Mie mwenyewe, kabla magoti hayajanistaafisha, nilikuwa naangalia hizo video kama nyie. Naona mtu amevaa glavu nyeupe, anafungua gari ambalo halijawahi kukanyaga tope, kila nati inatoka kwa vidole viwili. Nilikuwaga nacheka peke yangu mpaka wajukuu wananishangaa. Leo nataka kuwaeleza habari za gari ambalo halikutoka kwa vidole viwili.

Gereji yangu ilikuwa Temeke, uwanja mdogo wa mabati nyuma ya maghala. Miaka thelathini na nne nilifanya kazi moja tu: miguu ya gari. Springi, shokapu, mikono ya chuma, na bushi, zile pete za mpira za kwenye maungio. Injini sikuigusa, na mtu akija na habari za injini nilimwelekeza kwa jirani. Wateja wengine wakifika walikuwa wananiuliza, "Mama, fundi yuko wapi?" Nawajibu, "Yuko chini ya gari, subiri kidogo." Halafu najilaza, naingia chini, natoka na bushi iliyokufa mkononi. Basi hawaulizi tena.

Mzee Abeid hakuuliza hivyo. Alikuja asubuhi moja kwa miguu, bila gari, shati limepigwa pasi, daftari dogo mfuko wa kifuani. Nikamwamkia, shikamoo, akaitikia marahaba. Mikono yake ilikuwa inatetemeka, lile tetemeko la ugonjwa, haliachi hata akikaa.

"Wewe ndiye fundi wa miguu ya nyuma?"

"Ndiye mie, mzee."

"Nionyeshe spana yako ya kupimia nguvu."

Miaka yote ile hakuna mteja aliyewahi kuniomba kuona spana. Ile ya kupimia, ambayo inakuonyesha umekaza nati kwa nguvu kiasi gani, ninayo. Nilikuwa naifunga kwenye kipande cha kanga na kuilaza peke yake sandukuni, isigongane na wenzake. Nikaifungua, nikampa. Akaigeuza, akasoma namba zake, akainusa. Wallahi aliinusa.

"Kesho naleta gari," akasema, akaondoka.

Baadaye ndiyo nikajua kwamba maisha yake yote ya kazi alikuwa fundi wa ndege. Alistaafu akajenga Kipawa, karibu na uwanja wa ndege, nadhani kwa sababu hakuweza kulala bila zile kelele.

Kesho yake gari likaja, na aliyelishika usukani alikuwa mkewe, Bi Rehema. Nyie wa siku hizi hamjui magari yale. La Kijapani, viti viwili tu, boneti ndefu, nyuma limekatika ghafla. Rangi yake ilikuwa ya chungwa, ikapauka ikawa kama nyama ya papai lililoiva sana. Lilipovuka mtaro kuingia uwanjani kwangu, mbele likaja moja kwa moja, nyuma likachelewa kidogo, kisha likatupa makalio pembeni. Mafundi wa magereji ya jirani wakaacha kazi wakaja kutazama.

Bi Rehema akazima, akashuka, akajifunga vizuri mtandio wake. "Fundi," akaniambia, "nimeolewa na huyu bwana miaka thelathini na tisa. Miaka yote hiyo gari hili hakuniruhusu hata kulipangusa. Mikono yake ilipokataa, nikajifunza kuendesha, mie bibi mzima. Sasa zamu yangu imefika, lenyewe linacheza kiduku."

"Walifanya nini kabla yangu?" nikauliza.

Mzee Abeid akafungua daftari. Gereji ya kwanza ilibadilisha shokapu, gari likazidi kuyumba. Gereji ya pili, huko Kinondoni, fundi alimshauri akate nyuma yote awekewe difu na springi za mkeka za pikapu, zile za vyuma bapa vilivyopangana.

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia ahsante. Nikachukua gari langu."

Bi Rehema ana dada yake mkubwa Tanga, mtu mzima sana, hatoki tena nyumbani. Alikuwa amemwahidi atamfuata na gari hilo hilo, aliendeshe yeye mwenyewe. Dada alikuwa anamcheka kwenye simu, anamwambia huwezi. Ndiyo safari yenyewe iliyokuwa inasubiriwa.

Nikaingia chini. Nitawaeleza kwa urahisi. Gari lile kila gurudumu la nyuma limeshikwa na mkono wake wa chuma. Mkono ule umeungwa na kitako cha gurudumu kwa pini moja ndefu, inapita katikati kama msumari unavyopita kwenye bawaba ya mlango. Katikati ya pini kuna kabari ndogo ya kuizuia isitembee. Na penye maungio yote kuna bushi za mpira. Nilitia bisibisi kwenye bushi ya kwanza, mpira ukamwagika kama makombo ya mkate wa jana. Shokapu zilizobadilishwa hazikuwa na kosa lolote. Magurudumu yalikuwa yanaelekea popote yanapotaka.

Tatizo la kazi ile si bushi. Ni pini. Zikikaa miaka mingi bila kufunguliwa zinashikana na kitako kwa kutu mpaka vinakuwa chuma kimoja. Ya kushoto niliitoa kama nilivyofundishwa. Nikatoa kabari kwanza, kwa sababu wapo watu wanaopiga pini siku nzima kabari ikiwa ndani. Nikapiga brashi ya waya, nikamwagia dizeli iliyochanganywa na oili, nikaifunika kitambaa, nikaiacha. Asubuhi narudia, jioni narudia. Siku ya nne nikapasha kitako kwa gesi, nikarudishia nati kichwani mwa pini ili uzi usiharibike, nikagonga pole. Ikasema "tik". Mtu ambaye hajakaa na pini siku nne hawezi kuijua raha ya ile tik.

Aliyenifundisha alikuwa Fundi Ngonyani, mtu wa Songea, Mungu amrehemu. Mama yangu alikuwa anapika chakula pale gereji kwake, mie nawapelekea mafundi sahani, naenda na sahani narudi na spana. Ngonyani hakuwa mtu wa maneno mengi. Sheria yake moja: ukipiga mara tatu haijatoka, weka nyundo chini, keti, fikiri ni nini kinachoizuia. Alikuwa na kigoda maalumu cha kufikiria. Nyingine ni hii ya springi, niliipata kwa aibu. Nilikuwa nabana springi ya shokapu kuitoa, nikaona kufunga mnyororo ni kupoteza muda. Springi ikachomoka, ikapita juu ya paa la gari, ikatua kwenye sufuria ya maharage ya mama yangu. Mama akasimama na mwiko mkononi, maharage mpaka kwenye kilemba, akaniuliza, "Mwanangu, huko unafundishwa ufundi au vita?" Ngonyani alikula ugali mkavu siku ile bila kunisema. Tangu hapo springi yoyote ninayoibana naifunga mnyororo kwanza. Fungeni mnyororo, wanangu. Si kila springi itatua kwenye maharage.

Sasa turudi kwenye pini ya kulia. Ya kushoto ilinipa kichwa. Siku ya tatu ya kuilowesha hii ya kulia nikasema nayo imeshalainika, sina haja ya kusubiri. Mzee Abeid alikuwa amekaa kwenye stuli yake, maana alikuwa anakuja kila siku, anakaa, anatazama, anaandika. Nikapiga mara tatu. Nikapiga ya nne. Hasira ikanipanda, nikachukua nyundo kubwa, nikapiga kama mara ishirini. Nilipofuta jasho nikaona kichwa cha pini kimechanua kama uyoga. Hakipiti tena kwenye tundu lake.

Mzee akasema taratibu, "Sasa umeifunga kwa ndani."

Nilitamani ardhi inimeze. Yeye akaandika kwenye daftari. Ikabidi niikate kwa msumeno wa mkono pande zote mbili, nafasi yenyewe ni ndogo, blade inaingia kwa kubembeleza. Kutoka asubuhi mpaka baada ya alasiri. Kisha nikabeba kitako chote kwa Selemani, mchonga vyuma mtaa wa pili, akakisukuma kile kipande kilichobaki kwa mashine yake. Kilitoka kinalia kama mbuzi.

Pini nyingine tukaichonga kwa ekseli ya lori lililokufa, maana chuma cha ekseli ni kigumu, hakipindi ovyo. Selemani ni fundi mzuri, ila ana haraka. Ya kwanza ilizidi unene kidogo, unywele tu. Akachukua msasa apunguze. Mzee Abeid, ambaye alikuwa ametufuata, akapima, akatikisa kichwa.

"Chonga nyingine."

"Mzee wangu," Selemani akasema, "hili ni gari. Haliruki."

"Mke wangu ndiye anayeliendesha."

Selemani akanitazama, akatazama chini, akafunga chuma kingine kwenye mashine. Ile ya pili iliingia kwa kusukuma na kiganja. Hiyo ndiyo pini inavyotakiwa kuingia.

Bushi mpya tuliagiza nje, zikachukua wiki tano. Hapo ndipo nawaonea wivu nyie, mnabonyeza simu mnaona mzigo umefika wapi. Sisi tulisubiri kwa kumwuliza mtu aliyemwuliza mtu. Zilipofika, kwa bahati mbaya, mvua nazo zikafika. Shimo langu la kufanyia kazi lilijaa maji mpaka vyura wakahamia. Basi nikaliinua gari kwa jeki, nikaliweka juu ya stendi nne chini ya bati, magurudumu yananing'inia hewani. Siku ile Mzee Abeid hakuwepo, alikuwa na zamu yake ya kliniki.

Nilifanya kazi kwa furaha, acha niseme ukweli. Kila nati nilikaza kwa spana ya kupimia, kisha nikaipiga alama ya rangi nyeupe, kama mzee alivyonionyesha wanavyofanya kwenye ndege, ili ikilegea uione kwa macho. Nilipomaliza nikatazama mikono miwili ile ya gari imekaa sawasawa, myeusi, safi, nikajiona mimi ndiye mimi.

Alhamisi wakaja kulichukua. Bi Rehema akazunguka mtaa mara mbili, akapita kwenye tuta, akapita kwenye shimo. Nyuma linafuata mbele. Mafundi wa jirani wakapiga makofi, mmoja akapiga kelele, "Mama umeua!" Mzee Abeid alinishika mkono, mikono yake inatetemeka ndani ya wangu, akasema, "Ahsante, fundi." Jumamosi alfajiri safari ya Tanga. Wakaondoka, nikawasindikiza kwa macho mpaka kona.

Mchana nikaenda nyumbani. Nimekaa na ungo nachambua mchele, roho yangu nyeupe, nalikumbuka gari linavyokata kona. Nyuma limenyanyuka kidogo. Pale uwanjani nilipenda, nikaona limekaa kijana. Mkono ukasimama kwenye mchele.

Kwa nini limenyanyuka?

Nikajua hapo hapo. Bushi za mpira za aina ile hazikazwi gari likining'inia. Unaweka nati kwa mkono tu, unashusha gari likae kwa uzito wake, unalitikisa, unalisogeza mbele na nyuma, mpira ujilaze mahali pake, ndipo unakaza. Ukikaza likiwa hewani, siku unayolishusha mpira unajisokota, na utabaki umesokotwa usiku na mchana mpaka uchanike. Jambo hilo Ngonyani alinifundisha mwaka wa kwanza. Mie mwenyewe nimelifundisha watu. Na nililifanya kwa sababu shimo lilikuwa na maji, na kwa sababu nilikuwa na furaha.

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo ufundi wenyewe. Gari lile lingefika Tanga. Lingerudi. Mpira ungechanika baada ya miezi, labda mwaka, na kila mtu angesema ni barabara zetu. Mzee hakuwepo wakati nakaza. Hakuna mtu duniani ambaye angejua. Nilimaliza kuchambua mchele, nikaupika, nikaula, haukuwa na ladha. Nikampigia Bi Rehema, nikamwambia kesho ninakuja, asilitoe gari. Hakuniuliza kwa nini.

Ijumaa asubuhi nikapakia mfuko wa spana kwenye bodaboda mpaka Kipawa. Nikawakuta barazani wanakunywa chai. Nikaamkia, nikakaa, nikakataa chai. Nikaeleza yote bila kuzunguka, kama nilivyowaeleza nyie.

Mzee Abeid akaweka kikombe chini. Kikagongana na sahani yake kwa muda mrefu kabla hakijatulia.

"Jana uliniambia kazi imekwisha."

"Nilikuambia, mzee."

"Nikampa mke wangu funguo."

"Ndiyo, mzee."

"Nini kingine umesahau?"

Neno lile lilinichoma kuliko matusi yote niliyowahi kutukanwa gereji. Ningesema hakuna, lakini jana pia ningesema hakuna. Nikamwambia, "Njoo tukague wote. Kila nati. Wewe utaje, mie nishike."

Ndege ikapita juu, ikabidi sote tungoje imalize. Kisha akainuka kwenda kuchukua daftari.

Bi Rehema alilirudisha gari nyuma polepole, magurudumu yakapanda kwenye vipande vinne vya mbao nilivyovipanga uani, nikapata nafasi ya kuingia chini likiwa limesimama kwa miguu yake. Nikatandika kirago, nikajilaza. Nati ya kwanza nilipoilegeza, gari likalia kwa sauti ya chini, krrr, likashuka lenyewe kiasi cha kidole. Mzee alikuwa amepiga goti kando, ameona. "Limeshuka," akasema, kama anajiambia mwenyewe. Nikalegeza zote. Bi Rehema akakalia nyuma ya gari, akarukaruka na kanga yake huku anacheka. Tukalisukuma mbele, tukalivuta nyuma. Nikakaza upya.

Ndipo tukaanza ukaguzi. Yeye anasoma kwenye daftari, nati ya kabari kulia, nati ya pini mbele kulia, bolti za difu, nati za shokapu juu, nami naweka spana, inagonga, namwambia namba. Anaandika. Nyingine alinirudisha mara mbili. Magoti yangu yalikuwa yanawaka moto. Jua likafika katikati, likapita. Hakuna hata moja iliyokuwa imelegea. Hata moja, wanangu. Kosa lilikuwa lile lile nililolileta mwenyewe, na mengine yote yalikuwa sawa kama nilivyoyaacha.

Nikatoka chini, nikakaa pale pale kwenye kirago. Mzee Abeid akaingia ndani, akakawia. Alirudi na karatasi iliyopigwa mistari kwa rula, mistari imetetemeka. Juu ameandika namba ya gari na kazi iliyofanyika. Chini kuna sehemu mbili: aliyekagua, na fundi aliyefanya.

"Kwetu," akasema, "chombo hakitoki bila karatasi."

Akasaini kwanza yeye. Ilichukua muda, kalamu inamkimbia, na mkewe alikuwa anatazama miti ya jirani ili asimtazame. Kisha akanipa.

Mie sikusoma chuo. Sina cheti hata kimoja. Mpaka siku ile hakuna karatasi iliyowahi kubeba jina langu karibu na neno fundi.

"Niandike jina gani?" nikamwuliza. "Watu wote wananiita Mama Mwanne."

"Andika alilokupa baba yako."

Nikaandika Mwanahawa Saidi Mkumba. Nikaacha na alama ya grisi ya kidole gumba, akasema usiifute.

Jumamosi nilishinda na simu mapajani. Saa nane mchana ikaita, alikuwa Bi Rehema, na nyuma yake nasikia sauti ya bibi mwingine anacheka na kulia kwa pamoja.

"Fundi, tumefika Tanga."

"Alhamdulillahi. Nyuma limekaaje?"

"Nyuma?" akasema. "Mwenzangu, hata sikukumbuka kama lina nyuma."